Landrova ya babu imepona, je, macho yake?

Gari kuukuu jijini Dar es Salaam lina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, ambayo hula chasisi taratibu kutokea ndani bila mtu kuona. Wa pili ni watoto wa mwenye gari, ambao kila wakikutana sikukuu wanaulizana ni lini baba ataliuza.

Mzee mmoja mstaafu anayeishi Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, amepambana na maadui hao wote kwa karibu miaka 30. Gari lake ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, injini ya petroli. Alilinunua katikati ya miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa na magari yake yakipigwa mnada. Bado anaikumbuka namba yake ya zamani iliyoanza na herufi SU. Kwa kuwa alikuwa mtumishi katika ofisi moja ya Serikali pale Magogoni, kwa miaka mingi wauza samaki wa Feri walimtambua kwa mlio wa gari kabla ya kumwona mwenyewe.

Chumvi ameiweza. Ni hili la watoto ndilo lililozua mjadala mrefu mwaka jana, na mwisho wake haukuwa vile upande wowote ulivyotarajia.

Kwa nini hawaliachi

Kwa kijana aliyezoea gari lenye kiyoyozi, Landrova ya zamani ni mateso. Usukani ni mzito, klachi ni ngumu, na mvua ikinyesha maji huingia miguuni. Lakini kwa mtu aliyekulia mikoani miaka ya 1970, hilo ndilo gari lililoleta chanjo, mshahara wa walimu, bwana shamba na wakati mwingine maiti ya ndugu kutoka hospitali ya wilaya.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Aprili 30, 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Uamuzi huo wa shida ndio uliofanya magari mengi ya umri wake yaendelee kuonekana mazima leo, kwa sababu alumini haipati kutu kama chuma. Namba 109 ni urefu wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Toleo la tatu, ambalo ndilo la mzee huyu, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Hapa Afrika Mashariki magari hayo hayakuja kwa meli yakiwa kamili tu. Kiwanda cha Leyland kilichokuwa Thika, Kenya, kiliyaunganisha pia. Gari la mwisho la ukoo huo wa zamani, ambalo kwa wakati huo lilikuwa likiitwa Defender, lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016, baada ya zaidi ya magari milioni 2 kutengenezwa. Oktoba 2024, wamiliki wa Land Rover walijaa Arusha kwa tamasha la gari hilo, na mitandao ya kijamii ikafurika picha za wazee waliovaa kofia wakiwa wamesimama kando ya magari yao kama wamesimama na mtoto siku ya mahafali.

Kwa hiyo mzee wa Gerezani hayuko peke yake. Hata Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, si mbali na Magogoni, wamehifadhi magari yaliyowahi kumbeba Mwalimu Nyerere. Tofauti ni kwamba gari la makumbusho halipakii wajukuu.

Daftari kama kadi ya kliniki

Anayetaka kujua gari hili limedumuje asiangalie rangi, aangalie daftari. Ni daftari la shule lenye jalada gumu, la tatu sasa, na limeandikwa kama kadi ya kliniki ya mtoto: tarehe, kilomita, kilichofanyika, jina la fundi, bei ya spea.

Humo mna mambo ambayo wenye magari mapya pia wangefaidika nayo. Kila akirudi kutoka Kigamboni kwa kivuko, mzee huosha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu bodi ni alumini lakini chasisi ni chuma, na pale metali hizo mbili zinapokutana, maji ya chumvi huharakisha kuoza. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye matenga ya samaki ana uadui nayo zaidi ya mvua, kwa hiyo hajawahi kukubali kubebea mtu samaki nyuma, hata shemeji yake.

Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, gari liwe limetembea au limelala. Sababu ni kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na Dar es Salaam unyevu haukosekani. Yakishaingia maji, breki zikipata moto huweza kugoma ghafla.

Matairi pia hayapimwi kwa kina cha meno pekee. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalotembea mara moja kwa wiki huweza kuwa na tairi lenye meno mazuri ilhali mpira wake umeshakauka na kupasukapasuka.

Spea anazipata Kariakoo na Gerezani. Zisipokuwepo, wapo mafundi wa kukata gasketi kwa mkono na kuchomelea mabano mapya. Mkewe, ambaye amevumilia Jumamosi nyingi peke yake, ana sentensi moja kuhusu gari hilo: "Silionei wivu gari, nazionea wivu Jumamosi zangu."

Taa zisizotosha

Mwanzoni mwa mwaka jana, daftari lilianza kujaa habari za taa. Balbu mpya za mbele. Baada ya wiki tatu, waya mpya wa kufunga ardhi. Kisha betri. Kisha altaneta ikapelekwa kwa fundi umeme. Mzee alilalamika kwamba taa zimekuwa hafifu na kwamba magari ya siku hizi yana taa kali zinazotapakaa usoni kama jua. Alianza kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Jioni moja, akikata kona kuingia mtaa wa kwao, aligusa mkokoteni wa machungwa. Hakuna aliyeumia. Alilipa machungwa, akaomba radhi, na kesho yake asubuhi akampelekea fundi gari kwa mara ya nne.

Fundi, kijana ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari hilo zamani, alipima umeme kwenye kila taa. Volti zilikuwa sawasawa. Akawasha taa ndani ya banda lenye giza, ukuta wote ukang'aa. Akazima. Hakumwambia mzee neno. Alimpigia simu binti yake mkubwa.

"Dada, taa za mzee ni nzima kabisa. Mpelekeni akaangaliwe macho."

Binti alipofika nyumbani jioni, hakuanza na macho. Aliamkia, akapokea marahaba yake, akauliza habari za gari. Mzee akasema fundi naye ameshindwa, ujuzi wa siku hizi umepungua. Hapo ndipo binti alipochukua daftari, akamwonesha baba yake kurasa nne za taa, akamuuliza kama gari lingekuwa na homa kwa miezi minne, angeendelea kulipa panadoli tu.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Haya. Nipelekeni."

Majibu yalikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi.

Dalili ambazo familia huzikosa

Mtoto wa jicho ni ukungu unaojitengeneza kwenye lenzi ya jicho, na mara nyingi huja na umri. Kisukari, uvutaji wa sigara, majeraha ya jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huweza kuuharakisha. Ndio sababu kuu ya upofu duniani. Hauumi, hauwashi, na huenda polepole kiasi kwamba mwenyewe huuzoea.

Ndiyo maana dalili zake huonekana kwanza kwenye tabia, si kwenye jicho. Mzee anaanza kukwepa kuendesha usiku. Analalamika kwamba taa za wengine ni kali au zina duara la mwanga pembeni. Anasema rangi zimefifia. Anabadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu. Anaongeza balbu sebuleni. Anajikwaa kwenye ngazi aliyoizoea.

Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Kwa kawaida hufanyika kwa ganzi, huchukua muda mfupi, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna dondoo la macho, asali wala majani yanayoyeyusha mtoto wa jicho, na wanaomwagia vitu hivyo huweza kuongeza kidonda juu ya ukungu.

Uchunguzi huo una faida nyingine. Presha ya macho, ambayo ni ugonjwa tofauti, nayo haiumi mwanzoni, huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mtu aliyekwenda kwa sababu ya taa za gari huweza kugunduliwa nayo ingali mapema.

Wajukuu kwenye benchi

Wakati mzee akisubiri tarehe ya upasuaji, gari lilikaa uani, na watoto wake wanne wakakutana. Wawili walitaka liuzwe. Mmoja alitaka libaki. Binti mkubwa alikuwa na jambo lingine kabisa: alitaka kujua kwa nini kwa miaka yote hiyo walikuwa wakiwapakia watoto wao humo.

Nyuma ya Landrova ya aina hiyo kuna mabenchi mawili yanayotazamana, na hayana mikanda. Wajukuu huyapenda kuliko kiti chochote. Wakiruhusiwa kukaa mbele, hugombania kirungu cha njano na kirungu chekundu: cha njano hushindiliwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute, chekundu ni cha gia nzito. Mambo ya kufurahisha sana kwa mtoto wa miaka 6.

Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mkanda huweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliye garini hadi nusu. Mtoto aliyekaa ubavu kwenye benchi, bila mkanda, gari likifunga breki ghafla hurushwa mbele kuelekea vyuma. Na mtu mzima aliyempakata hawezi kumzuia, hata awe na mikono ya mbeba mizigo wa Kariakoo, kwa sababu uzito wa mtoto wakati wa kugongana huongezeka mara nyingi.

Kaka aliyetaka gari libaki alipendekeza wafunge mikanda kwenye mabenchi. Fundi wa kwanza alikuwa tayari kuifunga kwa bolti kwenye bodi siku hiyo hiyo. Yule kijana wa taa alikataa. Aliwaeleza kwamba bati la alumini ni jembamba, mkanda ungeng'oka pamoja na bolti zake siku ya ajali. Alisema viti viondolewe, vifungwe vinavyotazama mbele, na nguzo za mikanda zishikwe kwenye fremu ya chuma iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa na si ya bei ya chai.

Na hata hapo, mtoto mdogo anahitaji kiti chake maalumu cha gari. Mkanda wa mtu mzima humpita mtoto shingoni na tumboni mahali pabaya mpaka atakapofikia kimo cha kutosha, ambacho nchi nyingi hukiweka kati ya sentimita 135 na 150.

Ua nao si salama

Binti aliendelea. Kwa kuwa gari linatengenezewa uani, na watoto wanachezea uani, alitaka mambo manne yabadilike.

La kwanza, vumbi la breki. Breki za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, madini yenye nyuzi ambazo zikivutwa hubaki mapafuni na huweza kusababisha saratani miongo kadhaa baadaye. Gari la zamani, au spea iliyokaa stoo miaka mingi, huweza kuwa nayo bado. Ngoma ya breki isipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitupwe kwenye mfuko uliofungwa, na watoto wawe mbali.

La pili, rangi. Rangi ya miaka hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto unaokua na hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kuipiga msasa ikiwa kavu hutapakaza vumbi hilo kwenye ndoo za maji na nguo zilizoanikwa. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, lakini rangi iliyoko juu ya gari haikuondolewa na mtu.

La tatu, chupa. Petroli kidogo ya kusafishia kabureta ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na maji ya betri, ambayo ni tindikali kali, kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi, anaangalia umbo la chupa. Akinywa petroli, asilazimishwe kutapika wala kupewa maziwa ili atapike, kwa kuwa mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, kunyonya petroli kwa mpira mdomoni ni mchezo wa hatari kwa fundi pia.

La nne, moshi. Mzee alikuwa na desturi ya kuwasha injini dakika 20 kila asubuhi chini ya dirisha la chumba wanacholala wajukuu wakija likizo. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika ua uliozungukwa na ghorofa haina pa kwenda. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja si malaria ya kuambukizana. Gari la kuamshwa litolewe kwanza barabarani, au liamshwe kwa kuendeshwa.

Ufunguo ulikwenda kwa nani

Mzee alifanyiwa jicho la kulia, na baada ya wiki kadhaa la kushoto. Alipotolewa plasta ya kwanza, alilalamika kwamba rangi ya gari ni mbaya kuliko alivyodhani, na aliona kutu kwenye bolti za mlango ambazo angeapa kuwa hazikuwepo.

Daktari alimruhusu kuendesha baada ya kupima tena. Hapo watoto waliotaka kuuza walisema wazi kwamba hawakuwa na chuki na gari, walikuwa na hofu ya simu ya usiku. Walikuwa wakisema "tuliuze" kwa sababu hawakujua jinsi ya kumwambia baba yao "usiendeshe". Mzee naye alisema alikuwa akisikia kitu kingine: kwamba wanasubiri afe wagawane.

Walikubaliana hivi. Gari halitauzwa. Mzee anaendesha mchana tu, na macho hupimwa kila mwaka kama mafuta ya breki yanavyobadilishwa, tarehe ikiandikwa kwenye daftari lile lile. Siku atakaposhindwa kupima, ufunguo unakwenda kwa kaka aliyetaka libaki, ambaye tangu sasa anatumia Jumamosi mbili kila mwezi kujifunza kupaka grisi na kurekebisha breki. Jumamosi nyingine mbili ni za mama.

Viti vya nyuma bado havijakamilika, fedha zinachangwa. Kwa hiyo Jumapili mzee na mkewe wakienda Magogoni kupunga upepo, wajukuu hupanda mwendokasi Gerezani, wanabadilisha Fire, na kushuka Kivukoni. Mara nyingi wao ndio hutangulia kufika, kwa sababu babu yao hapiti kwa kasi, na humtania hivyo wakila mihogo ya kukaanga kando ya bahari.

Mzazi mwenye mzee anayependa gari lake, pikipiki yake au baiskeli yake asisubiri mkokoteni wa machungwa. Muulize wiki hii kama taa za magari ya usiku zinamsumbua. Usianze na habari ya kuuza. Anza na macho.